UZI: Paddy Barnes, mtoto wa Belfast wa kilo 48 aliyepoteza kwa Mchina Zou Shiming kwa tofauti ya ngumi moja

KonaNyekundu (mleta uzi)

Wakuu salama humu ndani. Kwenye uzi wa Katie Taylor, yule bondia wa kike wa Ireland, kuna mdau katupia kwamba Ireland wanaume wao hawana lolote kwenye ngumi za ridhaa, eti ni yule dada tu na basi. Sikutaka kuvuruga uzi wa watu kwahiyo nimefungua wangu, vuta kiti, nitakuwa naurusha vipande vipande maana natype kwa simu.

Naongelea mtu mdogo. Mdogo wa umbo namaanisha, wale wa kilo 48 mpaka 49, laiti flai, mtu ambaye ukimkuta stendi ya Mbezi unaweza kumwambia dogo sogea nipite kumbe mwenzio ana medali mbili za Olimpiki nyumbani. Jina lake Paddy Barnes, kazaliwa Belfast mwezi wa nne 1987.

Kwa wasiomjua, CV yake fasta kabla hatujaingia ndani: shaba Beijing 2008, shaba London 2012, bingwa wa Ulaya Moscow 2010, dhahabu ya Jumuiya ya Madola Delhi 2010 na akaitetea Glasgow 2014, fedha ya Ulaya Minsk 2013, halafu Rio 2016 yeye ndio akabeba bendera ya Ireland siku ya ufunguzi. Bondia wa kwanza wa Ireland kuchukua medali kwenye Olimpiki mbili mfululizo, na mkumbuke ile ni nchi ambayo ngumi imewapa medali nyingi za Olimpiki kuliko mchezo mwingine wowote, kuwa wa kwanza pale sio mchezo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnipinge vizuri. Watu wanamhukumu jamaa kwa ngumi za kulipwa, mapambano 9 kashinda 6 kapigwa 3, wanasema kumbe wa kawaida tu. Mimi nasema rekodi ile haikuambii chochote kuhusu alivyokuwa, na pambano lake bora kuliko yote ni moja ambalo alipoteza.

mzeewajabu

Nipo siti ya mbele mkuu. Ila usituletee chai.

Shangazi wa Tabata

Huyu si ndio yule aliyebebwa mzobemzobe na mpinzani wake katikati ya ulingo? Nina klipu yake mahali.

KonaNyekundu

Ndio huyo huyo shangazi 😂 tutafika, usinirushe mbele.

Haya. Belfast ya kaskazini ni eneo ambalo mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti imeshikana na katikati kuna kuta, kuta kweli za matofali na mabati, nyingine mpaka leo zipo. Barnes kakulia upande huo. Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu ulisainiwa 1998 yeye ana miaka 11, na ni kwenye umri huo huo ndio akaanza kuvaa glovu.

Klabu yake inaitwa Holy Family Golden Gloves, ipo New Lodge, na mzee wa pale anaitwa Gerry Storey. Huyu mzee peke yake anastahili uzi wake. Miaka ile ya vurugu, wakati mtu kuvuka kwenda mtaa wa wenzie tu ni hatari, yeye alikuwa anachukua vijana wa pande zote mbili, anawapeleka kupigana kwenye kumbi za huku na za kule na hakuna anayewagusa. Miaka ya 80 akaingia mpaka ndani ya gereza la Maze kufundisha ngumi wafungwa, wale wa kiripablikani wanaotaka Ireland moja siku yao na wale watiifu kwa Uingereza siku yao. Mwaka 2005 wakampa tuzo ya Laureus kwa kazi hiyo. Na klabu hiyo hiyo ndio iliyomtoa Hugh Russell, shaba ya uzito wa flai Moscow 1980, kwahiyo dogo Barnes alivyoingia pale alikuta ukutani kuna picha za watu wadogo kama yeye waliofika mbali.

Sasa msije mkadhani alikuwa kipaji cha kuzaliwa. Alikuwa anapigwa. Mapambano yake ya mwanzo ya utotoni alipoteza kibao mfululizo, yani mtoto anapanda anapigwa anashuka, wiki nyingine anarudi tena. Hapo ndipo wengi wetu tungeenda kucheza mpira.

mtu_wa_kona

Mkuu swali la kijinga kidogo, Belfast si Uingereza? Sasa kwanini Olimpiki anavaa jezi ya Ireland, na Madola tena naona umeandika dhahabu, Ireland ipo Madola kweli?

KonaNyekundu

Sio la kijinga hata kidogo, hili ndio linawachanganya wengi. Chama cha ngumi za ridhaa cha Ireland kilianzishwa 1911, kabla kisiwa hakijagawanywa, na walivyogawana nchi ngumi hawakugawana. Mpaka leo chama ni kimoja kisiwa kizima. Kwahiyo bondia wa Belfast anapigania ubingwa wa taifa Dublin, pale National Stadium, na akishinda anaenda Ulaya, dunia na Olimpiki na jezi ya kijani. Ila Jumuiya ya Madola, Jamhuri ya Ireland ilijitoa 1949, wao hawapo, Ireland Kaskazini wapo. Ikifika michezo ya Madola wale wa kaskazini wanavaa jezi nyingine na wakishinda wanapigiwa wimbo wa Danny Boy.

Kwahiyo Barnes mwaka mmoja huo huo wa 2010 kachukua dhahabu ya Ulaya kama Ireland halafu miezi michache mbele kachukua dhahabu Delhi kama Ireland Kaskazini. Pande zote mbili zinamshangilia. Na hili halikuanza kwake, Wayne McCullough, Mprotestanti wa Shankill, mtaa wa Belfast wa watiifu kwa Uingereza, ndiye aliyebeba bendera ya Ireland Seoul 1988, akachukua dhahabu ya Madola Auckland 1990 kwa Ireland Kaskazini, halafu fedha Barcelona 1992 uzito wa bantamu kwa Ireland. Shankill na kubeba ile bendera, wanaoijua Belfast wananielewa.

Bin Kariakoo

Umesema Madola umenikumbusha mbali. Michael Yombayomba, Kuala Lumpur 1998, dhahabu uzito wa bantamu, Mtanzania halisi. Leo ukimuuliza kijana yeyote wa gym hizi zetu hamjui.

msee_wa_Eastlands

Na mkiongea juu ya laiti flai msisahau Kenya tulikuwa na Stephen Muchoki, bingwa wa dunia wa ridhaa 1978 kule Belgrade, uzani huo huo wa kilo 48. Fedha 1974 Havana pia. Hao Waairishi walikuwa wapi wakati huo?

KonaNyekundu

Msee hapo sina la kubisha, Muchoki alikuwa hatari na Barnes hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Mwanaume wa kwanza wa Ireland kuchukua dhahabu ya dunia ya ridhaa ni Michael Conlan, Doha 2015, naye ni wa Belfast. Ila hapo Muchoki angewekwa na Zou Shiming, yule Mchina wa uzito huo huo, sijui ingekuwaje.

Tuendelee. Ireland ya kabla ya Barnes hali ilikuwa mbaya jamani. Athens 2004 walipeleka bondia mmoja tu, Andy Lee. Mmoja! Lakini mwaka 2003 walikuwa wameshaanzisha kitengo maalum, Gary Keegan akakijenga, Billy Walsh akawa kocha mkuu na wakamleta Mgeorgia mmoja anaitwa Zaur Antia kwenye ufundi. Antia ndiye aliyewabadilisha staili, maana Waairishi walikuwa wanapigana kwa moyo, wanaingia kichwakichwa, mzungu wa Ulaya Mashariki anawahesabia pointi taratibu anashinda. Antia akawafundisha miguu, umbali, kupiga na kutoka.

Barnes ndiye alikuwa wa kwanza kwenye timu ile kukata tiketi ya Beijing, kwenye mashindano ya dunia Chicago 2007 alifika robo fainali na nane bora walikuwa wanafuzu moja kwa moja. Na aliyemtoa robo fainali ni nani? Zou Shiming. Mshikeni huyo jina lake.

Beijing walienda watano wakarudi na medali tatu: Kenny Egan fedha, Darren Sutherland shaba, Barnes shaba. Barnes alimpiga Meza wa Ecuador, halafu robo fainali akampiga Maszczyk wa Poland 11-5, medali imepatikana, dogo ana miaka 21. Nusu fainali akakutana tena na Zou, Mchina nyumbani kwake, ukumbi mzima unaimba jina lake.

15-0.

Sijakosea kuandika. Raundi nne za dakika mbili mbili, na Barnes hakupata hata pointi moja.

mzeewajabu

Sifuri?? Mtu anapigana dakika 8 hajagusa hata bega?

KonaNyekundu

Alikuwa anagusa mzee, na ndio maana alitoka pale amekasirika. Ngoja niwaeleze ile mashine maana vijana wa sasa hawaijui. Enzi zile majaji watano kila mmoja ana vitufe viwili mbele yake, cha nyekundu na cha bluu. Ngumi ikiingia safi unabonyeza. Pointi inahesabika tu kama majaji watatu kati ya watano wamebonyeza rangi moja ndani ya sekunde moja. Ukipiga ngumi nzuri na jaji mmoja amezibwa na mgongo wa refa, mwingine kachelewa nusu sekunde, wawili wakabonyeza, hiyo ngumi haikutokea. Imepotea. Sasa Zou ndio alikuwa mfalme wa mashine ile, mikono chini, anakaa mbali, anasubiri uingie, anakugusa moja safi ambayo ukumbi wote umeiona, anaondoka. Ngumi za mwili za Barnes, za karibu karibu, hakuna anayeziona. Ukipigana na mtu wa namna ile kwa mfumo ule unaweza kurudi nyumbani na sifuri huku mbavu za mpinzani wako zinauma.

Ila pia tusidanganyane, siku ile Zou alikuwa bora zaidi kwa mbali. Pengo lilikuwepo.

Fundi Mizani

Nilikuwa nafanya ngumi zamani, uzito wa chini chini. Mfumo ule uliua watu wenye staili ya kuingia ndani. Tulikuwa tunafundishwa piga moja, rudi, inua mkono jaji akuone. Upuuzi mtupu.

KonaNyekundu

Fundi umemaliza. Sasa angalia dogo alifanya nini na ule upuuzi.

Baada ya Beijing angeweza kuridhika, ana medali, mtaani anaheshimika. Badala yake akarudi kwa Antia na Walsh wakaanza kujenga upya. 2010 Moscow akawa bingwa wa Ulaya, dhahabu ya kwanza ya Ireland pale tangu Paul Griffin 1991, miaka 19. Oktoba mwaka huo Delhi akampiga Uutoni wa Namibia fainali, na Ireland Kaskazini siku hizo walitoka na dhahabu tatu za ngumi, yeye, Patrick Gallagher na Eamonn O'Kane.

Sasa London 2012. Raundi tayari zilikuwa tatu za dakika tatu, na uzito ulikuwa umepandishwa kidogo kutoka 48 kuwa 49. Ukumbi wa ExCeL, na Waairishi waliujaza, wenyeji ni Waingereza lakini ukisikiliza sauti ungedhani upo Dublin. Barnes akampiga Essomba wa Kameruni 15-10. Robo fainali akapewa Devendro Singh wa India, na huyu dogo alikuwa moto wa kuotea mbali kwenye mashindano yale, wa kwanza alimmaliza raundi ya kwanza tu, wa pili akampiga Serdamba wa Mongolia aliyecheza fainali ya Beijing. Anarusha ngumi kama hana akili nzuri, bila kupumzika. Barnes akamwacha arushe, mikono juu, kila Devendro akimaliza mkupuo wake Barnes anajibu mbili safi katikati. 23-18. Lile pambano nikiwa na wageni ndio nawawekea, hata asiyejua ngumi atalipenda.

Nusu fainali: Zou Shiming. Mara ya tatu.

Shangazi wa Tabata

Hapa nimeacha kukaanga vitumbua.

KonaNyekundu

Shangazi vitaungua bure maana naandika polepole 😂

Zou yule yule, sasa bingwa wa Olimpiki na bingwa wa dunia mara tatu, 2005, 2007, 2011. Mwenzie alishapigwa naye sifuri. Nani angeweka hela yake kwa Barnes?

Kitu alichobadilisha Barnes ni kimoja, aliacha kumkimbiza. Beijing alikuwa anamfuata Zou kila kona ya ulingo na Zou chakula chake ni mtu anayemfuata. London Barnes akasogea nusu hatua, anasimama, mkono wa mbele unafanya kazi, anamlazimisha Mchina naye aanze. Na Zou akianza mikono yake ipo chini, kwahiyo akirusha anakuwa wazi kwa sekunde ile moja, na Barnes anapitisha ya kwake hapo hapo. Pointi moja huku moja kule, hakuna anayemkimbia mwenzie, ukumbi umesimama. Raundi ya tatu Zou alikuwa anakumbatia na kuzunguka, yule mtu aliyekuwa anacheza na watu kama paka na panya alikuwa anaangalia saa.

Kengele. Refa katikati kawashika wote mikono. Ubao unasoma 15-15.

Sare haipo Olimpiki. Inabidi warudi kuhesabu upya ngumi walizobonyeza majaji. Ikatoka 45-44. Zou.

Moja. Kutoka 15-0 mpaka kitufe kimoja cha jaji mmoja, mbele ya mtu yule yule, ndani ya miaka minne. Zou akaenda fainali akampiga Mthailand Kaeo Pongprayoon akachukua dhahabu yake ya pili. Barnes shaba ya pili. Niambieni tu kama kuna pambano gani la Barnes la kulipwa linaweza kuwekwa karibu na hili.

mtu_wa_kona

Dah. Hivyo vitufe. Yani hao majaji wangebonyeza moja tu mbele tungekuwa tunaongea mengine.

msee_wa_Eastlands

Wacha nikuambie ukweli, mimi nimeangalia hiyo fight tena juzi, Zou alishinda. Clean punches zilikuwa zake, za huyo Mwairishi nyingi zililala kwa glovu.

KonaNyekundu

Msee inawezekana, sijasema ameibiwa. Ukinipa karatasi raundi ya kwanza nampa Zou, ya tatu nampa Barnes, ya pili tunagombana mpaka asubuhi. Hoja yangu ni ile safari. Ireland wanaume mwaka ule John Joe Nevin alichukua fedha kwenye bantamu, Conlan shaba kwenye flai, Barnes shaba, halafu Katie dhahabu. Wanaume watatu na wote wepesi! Kwahiyo yule mdau wa kule uzi mwingine kama anasoma, salamu zake.

2014 Glasgow akakutana na Devendro tena fainali akamtandika tena, akawa bondia wa kwanza wa Ireland Kaskazini kutetea dhahabu ya Madola. Kipindi hicho vitufe vimeshafutwa, wamehamia pointi 10 kila raundi kama kulipwa, na kofia za kinga wanaume wamevuliwa 2013. Watu walisema wale wa mfumo wa zamani watapotea, yeye akashinda mfumo wa zamani na mpya.

Bin Kariakoo

Na Rio sasa? Maana Rio ile ya Waairishi nakumbuka ilikuwa kituko.

KonaNyekundu

Rio ilikuwa msiba. Kwanza Billy Walsh aliondoka Oktoba 2015 kwenda kufundisha Marekani baada ya kuvutana na chama, miezi kumi kabla ya Olimpiki unampoteza kocha aliyejenga kila kitu. Wakaenda Rio na timu iliyotegemewa kuliko zote, wakarudi bila medali hata moja ya ngumi. Mmoja akakutwa na dawa zilizokatazwa michezoni kabla hajapanda ulingoni. Katie katolewa. Conlan ndio ile picha iliyozunguka dunia nzima, kapokonywa pambano na Mrusi Nikitin, akawaonyesha majaji kidole cha kati hadharani, na miaka mitano mbele uchunguzi wa McLaren ukasema kweli matokeo ya Rio yalikuwa yanapangwa. Kwenye Conlan hakuna ubishi.

Ila Barnes hakuibiwa Rio na yeye mwenyewe hakusema kaibiwa. Mbeba bendera, Olimpiki ya tatu, bondia wa kwanza wa Ireland kufika hapo, akapigwa pambano la kwanza tu na Samuel Carmona wa Hispania, kura za majaji ziligawanyika. Alisema uzito ulimmaliza. Na ukiangalia video huhitaji kuambiwa, raundi ya kwanza yupo, ya pili miguu inaanza kuwa mizito, ya tatu anarusha ngumi hazina kitu.

Fundi Mizani

Hapa niruhusu mkuu nichangie maana watu wanasikia "kukata uzito" wanadhani ni kuacha ugali siku mbili. Ridhaa unapima asubuhi ya siku ya pambano, na ukishinda unapima tena asubuhi ya pambano linalofuata, mashindano yote mpaka fainali. Kulipwa unapima jana yake, una siku nzima ya kunywa maji na kula wali, unapanda ulingoni ukiwa kilo tano sita juu. Ridhaa huna muda huo. Unaamka alfajiri unaruka kamba na suti ya nailoni, unatema mate kwenye chupa kutafuta gramu 200, unapanda mizani uchi na taulo limeshikwa mbele, halafu masaa machache mbele kuna kijana wa miaka 20 anakusubiri ambaye kilo 49 ndio uzito wake wa kila siku. Ukiwa na miaka 21 mwili unakubali. Ukiwa na 29 mwili unakudai.

mzeewajabu

Fundi unaandika hadi kiu imenishika. Sasa swali langu, kwanini hakupanda kwenda 52 mapema? Si ndio uzito unaofuata?

KonaNyekundu

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu nitalijibu mwisho, nimalizie kulipwa kwanza maana shangazi anasubiri klipu yake.

Novemba 2016 Belfast, pambano la kwanza la kulipwa, Mbulgaria Slavchev. Kapigwa kapigwa, raundi ya nne akaona isiwe tabu, akamnyanyua Barnes juu mzima mzima! Refa akamfukuza, Barnes kashinda kwa mpinzani kuondolewa. Ndio klipu hiyo. Barnes mwenyewe mtu wa utani sana Twitter kwahiyo alitaniwa na akajibu.

Halafu wakamharakisha. Na nawaelewa kwanini, ana karibu miaka 30, uzito wa flai Ulaya hauna hela na hauna wapinzani, huwezi kumjenga taratibu. Pambano la tatu tu anapigana raundi 10 na Olteanu anachukua mkanda wa Ulaya wa WBO. Novemba 2017 akamlaza Quezada wa Nikaragua raundi ya sita. Agosti 2018, pambano la sita la maisha yake ya kulipwa, akapewa nafasi ya mkanda wa dunia wa WBC dhidi ya Cristofer Rosales, Mnikaragua mwingine, uwanja wa mpira wa Windsor Park, Belfast nyumbani kabisa. Rosales mrefu, kijana wa miaka 23, mkanda kauchukulia Japani akimpiga Daigo Higa. Barnes alikuwa anaenda vizuri tu, raundi ya nne ikaja ngumi moja ya tumbo, pale chini ya kifua kwenye chembe, pumzi ikakata, refa kahesabu mpaka kumi yupo chini. Mwaka uliofuata Machi 17, sikukuu yao ya Mtakatifu Patrick, New York, Mojica akamvunja pua akashinda kwa pointi. Oktoba Jay Harris wa Wales, Ulster Hall, tena raundi ya nne, tena tumbo. Hapo ndio ikawa mwisho.

Mapambano mawili yamemalizwa kwa ngumi za mwili, yani kiwiliwili. Mnaona wapi hii inatokea? Mtu aliyeukausha mwili huo huo kwa miaka 10.

Bin Kariakoo

Hiyo ni nadharia yako mkuu. Ngumi ya chembe inamlaza yeyote, hata asiyekata uzito.

KonaNyekundu

Kweli, naikubali kama nadharia. Sina cheti cha daktari.

Sasa jibu la mzeewajabu. Kwanini hakupanda 52. Miaka ya London kwenye 52 alikuwepo Conlan, mtoto mwenzie wa Belfast, ukipanda unamkuta yeye kwenye ubingwa wa taifa na anayeenda ni mmoja. Baadaye Conlan akahamia 56, nafasi ikawa wazi. Lakini Barnes alikuwa ameshaingia World Series of Boxing, ile ligi ya timu, anapigania timu ya Waitaliano, Italia Thunder, raundi tano bila kofia, na wale walikuwa na nafasi zao za Olimpiki. 2015 akafuzu Rio kupitia huko, kabla ya bondia mwingine yeyote wa Ireland. Sherehe, mtu anaenda Olimpiki ya tatu na bado zaidi ya mwaka mzima! Ila nafasi ile ni ya uzito. Umefuzu kwa 49, utaenda kwa 49. Kwahiyo mwaka mzima na zaidi akiwa na miaka 28, 29 anaulinda uzito ambao mwili umeshaukataa.

Na kuna upande wa pili. Kulikuwa na dogo mwingine wa Belfast, Brendan Irvine, mwaka huo huo 2015 kachukua fedha ya kilo 49 kwenye Michezo ya Ulaya Baku. Nafasi ya 49 imeshachukuliwa na Barnes, dogo ikabidi apande 52, akafuzu mwezi wa nne 2016, Rio pambano la kwanza akapewa Zoirov wa Uzbekistan aliyeenda kuchukua dhahabu.

mzeewajabu

Subiri. Kwahiyo yule mkubwa aliyetakiwa 52 yupo 49, na yule mdogo wa 49 yupo 52?

KonaNyekundu

Ndio hivyo mzee. Na wote wawili pambano la kwanza nje.

Fundi Mizani

Kocha angekuwa na uwezo wa kubadilisha majina tu pale.

KonaNyekundu

Sheria hairuhusu Fundi. Tokyo kilo 49 ya wanaume ikafutwa kabisa, uzito wa chini ukaanzia 52, na Irvine akarudi hapo hapo kwenye 52, safari hii yeye ndio kabeba bendera pamoja na Kellie Harrington.

Shangazi wa Tabata

Klipu nimeipata, naiweka hapa chini. Angalieni sura ya Barnes akiwa hewani, hana hata wasiwasi 😂😂

msee_wa_Eastlands

Nimekubali uzi, lakini Zou alishinda ile fight.

KonaNyekundu

45-44 msee. Mwaka mzima tutabishana na tutabaki hapo hapo. Wiki ijayo nafungua wa John Joe Nevin, huyo njoo na hoja mpya.